Mtu wa Kwetu na Kura Yetu

Ndugu wasomaji, mwezi huu twaleta mbele yenu swali ambalo hunenwa sana katika baraza zetu za pwani, tangu Sudi hata Lindi na Mikindani, wala bado halijapata jawabu la kuituliza mioyo. Swali lenyewe ni hili: mtu anapogombea cheo kikubwa, naye ni mtu wa kwetu, je, yatupasa kumtaka yeye kwa sababu ni wa kwetu? Wako wasemao ndiyo, tena kwa ukali. Wako wasemao sivyo, lakini siku ya mambo yenyewe hufanya kama wale wa kwanza. Nasi twaona ni vema kulitafakari jambo hili wakati ngoma ingali kimya, maana ikiisha kulia hapana asikiaye shauri.

Swali hili huwa zito zaidi pale wanaoshindana ni watu wa nyumba moja. Vyama viwili vikishindana, kila mtu ana lake la kushika: huyu apenda shauri hili, yule apenda lile. Bali chama kimoja kinapowachuja watu wake ili kimpate mmoja wa kusimama mbele ya taifa, wote wamevaa nguo za rangi moja, wote wameahidi yale yale, wote huwasifu waanzilishi wale wale. Basi jicho la mwenye kuchagua, likikosa tofauti katika maneno, hutafuta alama nyingine: huyu atoka wapi? Ni wa kabila gani? Aswali wapi? Ndiyo sababu twasema kwamba mchujo wa ndani ya nyumba huufunua moyo wa mwenye kuchagua kuliko uchaguzi wenyewe.

Wamarekani wana desturi ya kuufanya mchujo huo hadharani. Vyama vyao vikubwa ni viwili, Democratic na Republican, na kila baada ya miaka 4 wafuasi wa kila chama huwapigia kura wagombea wao, jimbo baada ya jimbo, kwa muda wa miezi mitano hivi. Kwa miaka mingi walianza Iowa, nchi ya wakulima wa mahindi. Huko watu wa Democratic walikusanyika jioni katika shule na makanisa, wakasimama kwa makundi, kila kundi na mtu wake, wakashawishiana hata hesabu ikapatikana. Kwetu Tanzania mchujo huitwa kura za maoni. Na kwa cheo cha Rais, katika miaka tutakayoitaja, majina ya watu wa Chama cha Mapinduzi yalipita katika Kamati Kuu na Halmashauri Kuu, na mwisho katika Mkutano Mkuu, ambako wajumbe walipiga kura. Hivyo mkulima wa Iowa ana kura yake katika mchujo wa Rais. Mwanakijiji wa Sudi ana mjumbe, na ana ulimi wake barazani.

Mwaka 2008 watu wa Afrika ya Mashariki waliufuata mchujo wa Marekani kama walivyokuwa hawajaufuata kamwe. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo katika nchi ya Waluo huko Kenya, alishindana na Hillary Clinton ndani ya chama cha Democratic. Wazee wasiojua Iowa iko upande gani wa dunia waliulizia habari zake redioni. Tarehe 3 Januari Obama alishinda Iowa. Tarehe 8 Clinton alishinda New Hampshire. Wakavutana hivyo hata mwezi wa Juni. Obama aliposhinda uchaguzi mkuu wa Novemba, serikali ya Kenya iliifanya tarehe 6 ya mwezi huo kuwa siku ya mapumziko. Tulifurahi pamoja nao, wala furaha ile haikuwa dhambi. Mcheza kwao hutunzwa.

Lakini tazameni, ndugu, mambo yaliyotendeka Kenya kwenyewe katika siku zile zile za mchujo. Tarehe 1 Januari 2008, siku mbili kabla ya kura za Iowa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto, nalo limejaa watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Kosa lao lilikuwa kabila lao. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika machafuko yaliyoufuata uchaguzi wa Desemba 2007. Na huko Iowa, ambako watu karibu wote ni Wazungu, wakulima walikuwa wakimchagua mtu asiyefanana nao kwa rangi, mzaliwa wa visiwa vya Hawaii, mwenye jina geni masikioni mwao. Hatusemi kwamba Wamarekani ni watakatifu. Wanao ugonjwa wao wa rangi, nao ni ugonjwa mkongwe. Twasema tu kwamba katika juma moja dunia ilionyeshwa watu walioulizana, "Huyu ni mtu wa namna gani?" na watu walioulizana, "Huyu ni mtu wa nani?" Kila mmoja wetu na ajiulize ni swali lipi limtokalo kwanza kinywani.

Sasa tuje kwetu, maana ni rahisi kukemea yaliyo mbali. Kusini yetu imetoa wagombea wa kujulikana. Mwaka 1995 alisimama Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, ambaye wengi wenu mwajua kwamba alisoma Ndanda, katika shule ya misheni. Katika Mkutano Mkuu wa chama chake Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza. Kura zilipopigwa tena, Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Tofauti yao ilikuwa kura 47. Basi kumbukeni kwamba wengi wa wale 686 hawakuwa watu wa Masasi wala wa Lindi, maana Kusini peke yake haina wajumbe wa kutosha kumpa mtu ushindi. Wageni walimpima mtu wetu, wakamwona afaa.

Miaka 20 ikapita. Mwaka 2015 alisimama Bernard Membe, mzaliwa wa Rondo, mbunge wa Mtama tangu 2000 hata 2015, jimbo ambalo Sudi imo ndani yake. Tena alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje tangu 2007. Watu zaidi ya 30 walitaka kuteuliwa na chama chao mwaka ule. Mwezi wa Julai, huko Dodoma, majina yalichujwa yakabaki 5, na lake likiwamo. Kisha yakabaki 3, na lake halimo. Mkutano Mkuu ulimpa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, na Asha-Rose Migiro 59. Barazani kwetu palikuwa kama pamefiwa. Wengi walisema, "Kusini tumenyimwa." Wachache walisema kwa sauti ndogo kwamba miongoni mwa wale waliobaki yumo afaaye, na wachache hao wakaitwa wasaliti wa nyumbani. Leo Membe na Magufuli wote wawili wamelala makaburini, lakini neno lile "msaliti" halikuzikwa. Lingali likiwatenga watu waliokula sahani moja. Hilo ndilo linalotufanya tuandike.

Tuwape kwanza haki yao wale wasemao kwamba mtu wa kwetu yatupasa kumtaka. Wazee walinena: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Nao hawakunena bure. Kusini ilikaa miaka mingi bila barabara ya lami, na masika ilipofika basi la Dar es Salaam lilizama matopeni, abiria wakalala njiani na watoto wao. Mtu wa kwetu hahitaji kuandikiwa barua ya kuelezwa tope lile, amelikanyaga. Tena daraja kubwa la mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, Mkapa akiwa Rais, nalo likaitwa kwa jina lake. "Mwaona?" wasema. "Asingekuwa wa kwetu, tungali tukivuka kwa pantoni."

Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Lakini ipimeni hata mwisho wake. Kipande cha barabara kutoka Ndundu hadi Somanga, kilichotutesa kuliko vyote, hakikuisha zamani zake. Kilikwisha baada ya yeye kuondoka madarakani mwaka 2005, na waliofuata hawakuwa watu wa Kusini. Basi yuko aliyetujengea naye si wa kwetu. Zaidi ya hayo, tuseme kwamba kweli daraja hujengwa pale alikozaliwa Rais. Makabila ya nchi yetu yapita 120, na Rais ni mmoja. Je, wale ambao hawatapata Rais hata miaka 200 ijayo, wavuke mito yao kwa kuogelea? Sheria ya "kila mtu na wake" huwafaa walio wengi peke yao; na sisi watu wa Sudi, wavuvi na wakulima wa korosho katika pembe ndogo ya pwani, sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuliwa na sheria hiyo. Mdogo huokolewa na haki, haokolewi na udugu, maana ndugu zake ni wachache.

Maandiko nayo hayakunyamaza. Twasoma katika Samweli wa Pili jinsi watu wa Yuda na watu wa Israeli walivyogombana juu ya Daudi aliporudi kutoka ng'ambo ya Yordani. Watu wa Yuda walisema kwamba mfalme ni jamaa yao, na papo hapo wakauliza kama wamewahi kula chochote cha mfalme. Swali lile laonyesha kwamba walijua kitu gani huwaza watu wasikiapo neno jamaa: huwaza sahani. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, twasoma habari njema zaidi. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula, watu wao wakanung'unika. Mitume wakawaambia kanisa zima wachague watu saba. Someni majina ya hao saba, tangu Stefano na Filipo hata Nikolao wa Antiokia: yote ni majina ya Kiyunani. Mkutano mzima, pamoja na Waebrania, uliwapa sahani watu wa upande ule ulionung'unika. Hapo hatuoni mtu akiivutia ngozi kwake, ingawa twajua sote kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Tena angalieni sharti walilopewa kabla ya kuchagua. Hawakuambiwa watafute watu wa mji fulani au ukoo fulani. Waliambiwa watafute watu walioshuhudiwa kuwa wema, wenye Roho na hekima. Kushuhudiwa! Na nani ashuhudie, isipokuwa wale waliokaa na mtu, waliomwona akilipa deni na akikosa kulipa, waliomsikia akisema na mkewe na mtumishi wake?

Hapa ndipo twaona jawabu la swali letu. Mtu wa kwetu ana haki moja juu yetu ambayo mtu wa mbali hana, nayo si haki ya kupewa kura. Ni haki ya kushuhudiwa kweli. Mjumbe atokaye Kigoma au Tanga hamjui mgombea wa Lindi ila kwa picha na hotuba, sisi twamjua. Tukisema ni mwema kwa kuwa ni wetu, tumemdanganya mtu wa Kigoma, naye atakula miaka kumi matunda ya uongo wetu. Akipenda, chongo huita kengeza. Lakini taifa zima haliwezi kuongozwa na chongo kwa sababu kijiji kimoja kimelipenda jicho lile. Na tukijua kwamba mtu wetu afaa kweli, basi tuseme pasipo haya, kwa matendo aliyoyatenda, si kwa mto aliooga utotoni.

Wamarekani wameonyesha jambo hili pande zote mbili kwa siku moja. Tarehe 15 Machi 2016, katika mchujo wa Republican, watu wa Florida walimpita Marco Rubio, aliyekuwa seneta wao, wakampa ushindi Donald Trump. Na Rubio akajitoa jioni ile ile. Siku hiyo hiyo watu wa Ohio walimpa ushindi John Kasich, aliyekuwa gavana wao. Hatuingii katika kusema ni nani kati yao aliyepima vema, maana hatukukaa nao. Twaonyesha tu kwamba mtu hupimwa kwao, na kwamba wa kwao waweza kusema ndiyo au siyo, wala mji usianguke.

Lakini jihadharini pia na kosa la upande wa pili, maana shetani hukaa kando zote mbili za njia. Wako watu ambao wakimwona jirani yao akipanda husema mabaya yake kwa wivu, wasiweze kuamini kwamba kitu kizuri hutoka katika kijiji chao. Nathanaeli naye alishangaa kusikia kwamba mwema ametoka Nazareti. Lakini yeye alikubali kwenda kuona, akaona, akabadili neno lake. Mwenye wivu haendi kuona. Ushahidi wa wivu ni uongo sawasawa na ushahidi wa udugu. Mmoja huongeza, mwingine hupunguza, na mizani ya wote wawili ni mibovu.

Na mchujo ukiisha, tufanyeje? Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Kikwete alishindwa kwa kura 47 mwaka 1995. Mkapa akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje, wakafanya kazi pamoja miaka kumi, na mwaka 2005 Kikwete mwenyewe akachaguliwa kuwa Rais. Clinton alishindwa na Obama mwezi wa Juni 2008. Mwaka uliofuata akawa waziri wake wa mambo ya nje. Wakubwa hawa walipatana wakavuna. Bali sisi tuliokuwa tukiwapigania barazani twabaki na majembe mikononi, hatusalimiani. Ni aibu iliyoje, wapiganiwa wakae meza moja na wapiganao wasizikane!

Huenda mtu atauliza: basi yafaa nini kubishana habari za wagombea wa Marekani, ambao hatuna kura kwao wala ushahidi? Twajibu kwamba kusikiliza hakudhuru, na kupima watu wa mbali kwaweza kuwa mazoezi mazuri, kama mtoto ajifunzavyo mizani kwa mawe kabla ya kupewa korosho za watu. Kwa kuwa hawatupi kitu wala hawatunyimi, twaweza kuwapima bila njaa kutusukuma mkono. Ila tukumbuke mipaka yetu. Kwa Obama au Trump au Clinton sisi si mashahidi. Tu wasikiaji wa habari zilizopita vinywa vingi. Basi tuseme kwa unyenyekevu, wala tusivunje urafiki wa jirani wa mlango wa pili kwa ajili ya mtu asiyejua kwamba Sudi ipo.

Na mazoezi yakiisha, kazi yenyewe iko karibu. Tarehe 27 Novemba 2024 nchi yetu iliwachagua wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji na wajumbe wao. Huyo ndiye agusaye kiwanja chako na kesi ya mbuzi wako. Naye ndiye unayemjua tangu utoto. Hapo ushahidi wako una uzito kuliko mahali po pote duniani, na hapo ndipo wengi husema, "Ah, mpeni tu, ni mtoto wa shangazi." Sisi walimu huona mbegu ya jambo hili darasani. Ukiwaambia watoto wamchague kiranja, kila mmoja huinua mkono kwa ajili ya mtoto wa mtaa wake. Bali ukiwaambia kwanza wataje jambo moja jema alilotenda yule wamtakaye, darasa hunyamaza kidogo, kisha mikono huanza kwenda pengine. Ukimya ule mdogo ndio mwanzo wa haki.

Basi, ndugu zetu Wakristo, tunaokaa pamoja na ndugu zetu Waislamu katika vijiji hivi, wakati ujao jina la mtu wa kwetu litakapotajwa, na la mtu wa mbali, tuyaulize majina yote mawili maneno matatu. Je, ametenda nini alipokuwa na madaraka madogo? Je, waliokaa naye bila kufaidiwa naye wanamshuhudiaje? Je, neno hili nilisemalo juu yake ningelisema kama angekuwa wa kabila lingine, au wa dini nyingine? Mtu wa kwetu akiyashinda maswali hayo, tumpe mkono kwa furaha yote, na baraza lipige vigelegele. Asipoyashinda, tumpende kama ndugu, tumkaribishe chakula, tumzike akifa. Lakini kura, au neno letu mbele ya mjumbe, tumpe anayestahili. Na yule jirani aliyechagua tofauti nasi, tumwamkie kesho asubuhi kama tulivyomwamkia jana, maana Mungu hatatuuliza tulikuwa watu wa nani, bali kama tulisema kweli.